Nyumba ya zamani na bustani yake, Iringa hadi Tukuyu: maswali tunayoulizwa na wanunuzi

Tunauza nyumba Nyanda za Juu Kusini. Simu nyingi tunazopokea ni za watu walioona picha mtandaoni: baraza pana, dohani juu ya paa, waridi mlangoni, jiko jipya linalong'aa. Maswali yao yanafanana. Tumeyaweka hapa pamoja na majibu tunayoyatoa, yakiwemo yale yanayotukosesha mteja.

Hizo nyumba za zamani ni zipi, na zinapatikana wapi?

Iringa mjini, anzia Gangilonga na Wilolesi, kwenye vile viwanja vikubwa walivyokaa maofisa wa serikali. Uhindini kuna za aina nyingine: duka chini, makazi juu, ua nyuma. Mbeya utazikuta Uzunguni na Forest, chini ya mlima Loleza. Tukuyu zimekaa karibu na boma. Halafu ziko za mashambani, yaani nyumba za mameneja wa chai Mufindi na Rungwe, na nyumba za walowezi zilizobaki peke yake katikati ya mikaratusi.

Za misheni ni suala jingine. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na majengo yao ni miongoni mwa mazuri kuliko yote ukanda huu, lakini hayo ni mali ya kanisa chini ya wadhamini. Mtu mmoja akikuletea nyumba ya misheni mkononi, hata awe mzee wa kanisa mwenye heshima zake, mshukuru kwa chai uondoke.

Dalali anasema ni "nyumba ya Mjerumani". Niamini?

Muulize kwanza iko mji gani. Mbeya mjini, wasiwasi uanze hapo hapo, kwa sababu mji wenyewe ulianza mwaka 1927, wakati wa Waingereza, kwa nguvu ya dhahabu ya machimbo ya Lupa. Enzi za utawala wa Kijerumani makao ya serikali ya eneo hilo yalikuwa Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Iringa ni tofauti: baada ya ngome ya Mkwawa kule Kalenga kuanguka Oktoba 1894, Wajerumani walijenga kituo chao juu ya kilima ambacho kimekuwa mji wa sasa. Boma lao leo ni makumbusho. Kabla hujaanza kuzunguka na dalali, ingia mle ndani uone unene wa kuta na kina cha madirisha. Ukitoka hapo, mtu hatakudanganya kirahisi.

Ila dalali naye asionewe. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika kama walowezi wa kawaida, wakafungua mashamba huku kwetu, mpaka vita ya 1939 ilipofanya mali zao ziwekwe chini ya msimamizi wa mali za adui. Kwa hiyo nyumba ya shambani inaweza kuwa ya Mjerumani kweli, na bado ikawa imejengwa chini ya bendera ya Mwingereza.

Kwa upande wetu, hadithi haipandishi bei. Nyumba imara ya Mwingereza ya miaka ya hamsini ina thamani kuliko ya Mjerumani ambayo mchwa wamemaliza kenchi.

"Imechorwa na msanifu majengo." Kwani nyumba gani haichorwi?

Zipo nyingi, na unazijua. Lakini tuseme ukweli kuhusu hizi za maofisa: nyingi zilitoka kwenye michoro ya mfano ya Idara ya Ujenzi ya mkoloni. Mchoro mmoja ulijengwa miji mingi, ndiyo maana ukiingia nyumba fulani Mbeya unaweza kujikuta unajua choo kiko wapi kwa kuwa uliwahi kulala ya namna hiyo Dodoma. Hiyo haiipunguzii heshima. Waliochora walijua kazi.

Kwa nyumba za baada ya Uhuru utasikia majina makubwa yakitajwa. Beda Amuli, aliyechora Soko la Kariakoo, anatajwa sana. Anthony Almeida naye vilevile. Ukitajiwa jina, omba karatasi ya mchoro. Pembeni mwa karatasi huwa kuna jina la ofisi, namba ya mchoro na tarehe. Bila karatasi hiyo, hayo ni maneno ya barazani.

Kuna namna ya kuona kazi ya msanifu hata kama mchoro umepotea. Fungua dira kwenye simu yako, simama sebuleni. Huku kwetu tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo miezi ya baridi, Juni na Julai, jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Nyumba iliyofikiriwa ina sebule na baraza vinavyotazama kaskazini au kaskazini mashariki, ili jua liingie chini ya upenu wakati mikono imekufa ganzi, halafu Desemba, jua likiwa juu ya kichwa na kuelekea kusini kidogo, upenu ule ule unalizuia. Stoo, bafu na ngazi zimetupwa upande wa kusini. Ukikuta hivyo, kuna mtu alikaa akawaza. Ukikuta sebule inatazama barabara tu kwa kuwa barabara ipo, hakuna aliyewaza, awe Mzungu awe nani.

Hilo ndilo la kulipia. Mengine yote fundi atakufanyia. Kuigeuza nyumba itazame kwingine hawezi.

Ndani imekarabatiwa kisasa kabisa. Si nahamia tu?

Hapa ndipo tunapogombana na wauzaji.

Ukarabati wa ndani ni wa namna mbili. Upo wa kutibu na upo wa kufunika, na kwenye picha zote mbili zinafanana: jipsamu yenye taa za kujificha, marumaru hadi mlangoni, kabati za jiko nyeupe, granaiti. Hakuna ubaya na hayo. Swali ni nini kiko nyuma yake.

Kuta za zamani za huku ni za mawe au matofali ya kuchoma, zimeunganishwa kwa udongo au chokaa, na lipu yake ni ya chokaa. Nyingi hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi, au kilichokuwepo kimeshaoza. Maji hupanda kutoka ardhini kidogo kidogo, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke nje kwa upole. Ukuta unapumua. Akija fundi wa leo akaibomoa ile lipu na kupiga ya saruji, na juu yake rangi ya mafuta, maji hayaachi kupanda. Yanakosa pa kutokea, kwa hiyo yanapanda juu zaidi, au yanaibuka nyuma ya kabati lako jipya.

Kuna nyumba moja Gangilonga tulimpeleka mteja, mama mmoja mwalimu mstaafu. Sebule ilikuwa imepakwa upya, kijivu cha kisasa, harufu ya rangi bado ipo. Kochi kubwa lilikuwa limebandikwa ukutani upande wa kusini. Mama akamwambia kijana wa nyumba, "Mwanangu, hebu nisaidie tusogeze hili." Nyuma ya kochi rangi ilikuwa imevimba mapovu mpaka usawa wa goti, na chini kwenye marumaru kulikuwa na unga mweupe mwembamba. Mama akagonga kwa ufunguo wa gari. Lipu ikatoka kipande kizima, nyuma yake tofali limelowa. Hakusema kitu. Akauliza tu kama chumba cha pili nacho kina kochi.

Kwa hiyo sogeza samani. Gonga ukuta kwa kiungo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu. Palipoachana pana sauti ya uwazi. Tazama hasa kuta zinazopakana na bafu na zile ambazo bustani imepandishwa udongo mpaka juu ya usawa wa sakafu. Hilo la mwisho ni kosa la kawaida sana la ukarabati: anakuja mtu wa bustani, anamwaga udongo mzuri kuzunguka nyumba, anapanda maua, nyumba inaanza kulowa.

Dawa ipo na si ya ajabu. Ondoa udongo ushuke chini ya sakafu angalau sentimita 15, tengeneza mfereji, rudisha gata, bandua saruji, piga lipu ya chokaa, subiri ikauke msimu mzima kabla ya kupaka rangi inayopumua. Ni kazi ya subira kuliko ya fedha. Muuzaji aliyefanya hivyo atakuonyesha picha za ukuta ukiwa uchi. Aliyefunika hana picha.

Paa je?

Panda darini na tochi. Kenchi za zamani nyingi ni za mbao ngumu na zikikaa pakavu zinaishi kuliko sisi. Za ukarabati huwa ni paini ya Sao Hill, ambayo ni mbao nzuri ikiwa imetiwa dawa. Isiyotiwa dawa usitarajie makubwa. Chomeka bisibisi kwenye ncha zinazokaa ukutani, ndiko maji na mchwa vinapoanzia. Iringa adui mkubwa ni mchwa. Tukuyu, inayopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, adui ni kuvu na kutu.

Ukiona bati nene za kijivu zenye mawimbi mapana, zisizolia chuma ukizigonga, simama hapo. Huenda ni asbestosi, ambayo ilitumika sana enzi zile. Ikiwa nzima na haijavunjika si ya kukufanya uikimbie nyumba, ila isikatwe, isitobolewe, isisuguliwe kwa brashi ya waya. Vumbi lake ndilo linaloua mapafu, taratibu, baada ya miaka. Kuiondoa si kazi ya vibarua wa siku. Uliza NEMC, baraza la mazingira la taifa, utaratibu, na gharama hiyo itoke kwenye bei ya nyumba.

Umeme na maji vya zamani vinatumika?

Visitumike. Waya za zamani zilifunikwa kwa mpira ambao sasa unapukutika ukiugusa, na saketi nyingi hazina waya wa ethi. Nyumba ile ilichorewa balbu chache na redio. Wewe unaleta shawa ya umeme, pasi, jiko, na friji mbili. Usidanganywe na soketi mpya ukutani. Mwambie fundi mwenye leseni ya EWURA afungue meni switchi na soketi mbili tatu aone waya uliopo nyuma.

Mabomba ya chuma ya zamani yamejaa kutu ndani. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, uone kinachobaki. Karo lifunguliwe pia, kwa sababu kuna wanaokarabati vyoo vitatu vya kifahari na kuvielekeza kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo kimoja.

Sehemu ya kuotea moto ni ya urembo au inafanya kazi?

Mbeya, Tukuyu, Mufindi na Njombe inafanya kazi na utaishukuru; usiku wa Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Njombe na Makete hupata jalidi. Kabla ya kununua, washa gazeti uone moshi unapanda au unarudi sebuleni. Ukirudi, mara nyingi ni viota vya ndege. Mara nyingine dohani imepasuka. Ukanda huu uko kwenye Bonde la Ufa, pale matawi yake yanapokutana karibu na mlima Rungwe, na matetemeko madogo yapo. Dohani ndefu ya matofali ndiyo ya kwanza kuyahisi. Itazame ufa kuanzia darini, kwa sababu moshi ukivuja pale unakutana na kenchi.

Wengine huziba dohani kwa bodi ya jipsamu na kuweka televisheni mbele. Sawa, ni nyumba yao. Ila wakishaziba wanaingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, na hilo limeua familia. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Bora dohani ya zamani kuliko jiko la mkaa.

Nikinunua, nibadilishe nini na niache nini?

Badilisha usivyoviona: waya, mabomba, gata, karo. Jiko na bafu navyo hakuna anayetaka kuvitumia vilivyokuwa. Nyingi ya hizi nyumba jiko lilikuwa nyuma kabisa, limetengwa na chumba cha kulia kwa korido, kwa kuwa aliyepika hakuwa wa kuonekana. Kuvunja ukuta huo na kuleta jiko karibu na watu ni ukarabati tunaouunga mkono kwa mikono miwili, mradi mhandisi athibitishe kama ukuta umebeba paa.

Madirisha tunakusihi uache. Ya chuma yenye vioo vidogo vidogo yanakwaruzwa kutu, yanapakwa, puti inabadilishwa, bawaba zinatiwa mafuta, kazi imekwisha. Tumeona watu wanayang'oa wanaweka alumini ya kuteleza, ambayo inafungua nusu tu ya nafasi, na chumba kinaanza kuota ukungu kwenye pembe za dari. Milango ya mninga usiipake rangi nyeupe. Kama imeshapakwa, ikwangue ubavuni uone kilicho chini kabla hujaitupa. Sakafu ya saruji nyekundu inayong'arishwa kwa nta tuliiona ya kizamani tukiwa watoto. Sasa wateja wanaiulizia.

Bustani ni sehemu ya bei?

Ndiyo, na mara nyingine ndiyo sehemu iliyo bora. Nyumba yenyewe unaweza kujenga nyingine kwa mwaka mmoja, lakini jakaranda lenye kivuli cha gari tatu hulipati kwa mwaka mmoja.

Tembea bustani kabla ya kuingia ndani. Tazama miti mikubwa iko umbali gani na nyumba. Mkaratusi karibu na ukuta ni wa kuondoa: unakunywa maji vibaya sana, matawi yake huanguka bila taarifa, na mizizi inafuata karo. Mparachichi mkubwa usiukate kwa hasira ya majani. Rungwe na Njombe watu wanaishi kwa parachichi. Ukikuta peasi na plamu za zamani, mwite mtu wa kupogoa mwishoni mwa baridi kabla hazijachipua. Nyingi hazizai vizuri kwa sababu tu hazijaguswa na mkasi kwa miaka.

Haidrenjia, yale maua ya vichwa vikubwa yanayopenda kivuli cha baraza, ni kipimo cha udongo kisicholipiwa. Yakiwa ya buluu, udongo una tindikali. Yakiwa ya waridi, hauna. Tukuyu na Mufindi mengi ni ya buluu iliyokolea, na udongo huo huo ndio chai inaupenda. Ukiyakuta ya waridi tu chini ya ukuta mmoja, wakati bustani nzima ni ya buluu, chunguza ukuta huo: huenda saruji au chokaa imekuwa ikishuka udongoni na maji.

Uzio wa michongoma uache, upunguze. Ukuta wa matofali ya bloku wa futi nane unaua bustani na bado mwizi anaupanda.

Kama kiwanja kinashuka hadi kijito, jambo ambalo ni la kawaida huku, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kile kibanda cha kupendeza kando ya mto kwenye picha huenda ndicho kitakacholeta barua.

Hati ziko sawa? Muuzaji ana karatasi ya tangu enzi za mkoloni.

Hilo ndilo swali la kuuliza kwanza, na wateja wengi hulileta mwisho, baada ya kuipenda bustani.

Karatasi ya umilikaji wa kudumu ya Mjerumani au Mwingereza ni kumbukumbu nzuri ya kuweka kwenye fremu. Umiliki wa namna hiyo ulifutwa kwa sheria mwaka 1963 na kugeuzwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 ukawa haki ya kumiliki kama tuijuavyo. Leo ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na kinachouzwa ni haki ya kuimiliki kwa miaka 33, 66 au 99 chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999. Kwa hiyo usiulize tu kama kuna hati. Uliza imebakiza miaka mingapi.

Kisha fuatilia njia ambayo nyumba imepita. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Majengo mengi ya Uhindini mjini yana historia hiyo. Unaweza kukutana na familia inayoishi ghorofani kwa miaka mingi, kila jirani anaijua, na bado si mwenye jengo bali mpangaji. Nyumba za maofisa nazo, nyingi ziliuzwa kwa watumishi wa umma miaka ya 2000. Mauzo yale yalikuwa na masharti; soma mkataba wenyewe kuhusu muda wa kutouza kabla hujatoa hata shilingi ya usumbufu.

Omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Utakuambia nani ameandikishwa, kama kuna mkopo wa benki juu yake, kama kuna zuio. Linganisha ramani ya upimaji na bikoni zilizoko uwanjani kwa macho yako, kwa sababu viwanja hivi ni vikubwa na jirani mwenye haraka husogeza uzio.

Kama mmiliki alishafariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa. Na kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Ongea na mama mwenye nyumba ana kwa ana. Saini inaweza kughushiwa. Mtu anayekukaribisha ukae, au asiyekukaribisha, hawezi.

Serikali ya mtaa imesema yenyewe inatosha kushuhudia mauzo.

Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani anaishi wapi. Kwa nyumba yenye hati, saini yake haihamishi umiliki. Wakili, kibali, na usajili ndivyo vinavyohamisha.

Kodi ni zipi?

Kunahitajika taarifa ya mthamini aliyesajiliwa, iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Juu yake TRA hutoza kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida na ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa kawaida ni wa mnunuzi. Wauzaji wengi hupenda kusema "bei yangu ni ya mkononi", maana yake kodi zote ni zako. Liandikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Na ukiombwa kuandika bei ndogo ili kodi ipungue, kumbuka kwamba siku utakapouza wewe, faida yako itahesabiwa kutoka kwenye hiyo bei ndogo.

Ukishahamia kuna kodi ya pango la ardhi kila mwaka, uliza kama muuzaji ana madeni ya nyuma, na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU.

Kwa kuwa ni nyumba ya kihistoria, nitakatazwa kuigusa?

Kwa kawaida hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na huku kwetu hizi zote ni za baadaye. Zinalindwa pale tu zilipotangazwa rasmi. Uliza, kisha uombe kibali cha ujenzi halmashauri kama mtu yeyote, na michoro itoke kwa msanifu aliyesajiliwa.

Kwamba sheria haikukatazi haina maana kwamba tunafurahi ukibomoa. Wanaonunua Gangilonga kwa ajili ya kiwanja tu, wavunje, wapandishe ghorofa mbili za vioo, wapo, na pesa yao ni halali. Tunawauliza swali moja: ghorofa la vioo Iringa, upepo ule wa Agosti, mtalipasha joto kwa kitu gani?

Boi kota, yaani vyumba vya watumishi, inaweza kuwa gesti?

Inaweza, na ndiyo njia rahisi ya nyumba kujilipia. Vyumba viwili vitatu vya nyuma, vikitiwa bafu na dirisha kubwa, wageni wanaokwenda Ruaha au Kitulo wanalala kwa furaha. Angalia tu matumizi ya ardhi yaliyoandikwa kwenye hati. Kama ni makazi pekee, biashara ya kulaza wageni inahitaji kibali na leseni.

Nina uraia wa nchi nyingine lakini nimezaliwa Tukuyu.

Kwa sheria asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia mamlaka husika. Taratibu za diaspora zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo muone wakili sasa, siyo baada ya kutuma pesa. Na kumwandikisha mpwa kwa jina lake "kwa muda" kumevunja udugu wa watu wengi tunaowafahamu.

Nije kuitazama lini, na nani?

Njoo masika, Januari hadi Machi, mvua ikiwa inanyesha. Muuzaji atakuomba usubiri kiangazi bustani ikauke matope. Mwambie unayapenda matope. Kisha rudi siku nyingine asubuhi mapema peke yako, upite kwa majirani. Sema "kamwene" kama uko Iringa, kaa, kunywa chai. Jirani mzee atakuambia maji hukatika siku gani, mto ulifika wapi mwaka ule wa mvua kubwa, na watoto wa marehemu wangapi hawajatia saini.

Njoo na fundi wako, usimtumie wa muuzaji wala wa kwetu. Beba tochi, bisibisi, na ngazi. Nyumba nyingi zina mlango wa dari na hazina ngazi ya kuufikia. Sisi hatutozi chochote kwa kuonyesha nyumba, na kamisheni yetu hulipwa na muuzaji baada ya hati kuhamishwa.